Unyonge, Kujidhili na Unyenyekevu: Maneno ya Kujishusha mbele ya Mungu katika Biblia ya Kiswahili

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuiacha Biblia mikononi mwa wanateolojia, na wanateolojia nao aghalabu wameliacha suala la lugha yake mikononi mwa kamati za wafasiri. Matokeo yake ni kwamba kitabu ambacho husomwa kwa sauti kila juma mbele ya makutano makubwa, mijini na mashambani, hakijachunguzwa vya kutosha kama maandishi ya Kiswahili. Msamiati wake umeingia katika hotuba za siasa, katika riwaya, katika tenzi za Wakristo na katika mazungumzo ya kila siku. Kwa hiyo uchaguzi wa neno moja katika tafsiri hiyo si jambo dogo. Neno likishachaguliwa, huwafundisha watu kufikiri kwa namna fulani, hata wale ambao hawajui kwamba lilichaguliwa.

Makala haya yanachunguza maneno yanayotumika kuelezea fadhila ambayo Ukristo umeiweka karibu na kiini cha imani yake, nayo ni kujishusha mbele ya Mungu. Maneno yenyewe ni manne: unyonge, kujidhili, kunyenyekea pamoja na jamii yake yote, na mtumwa. Tafsiri zitakazolinganishwa ni mbili. Ya kwanza ni ile iitwayo Union Version, ambayo Biblia yake nzima ilitolewa mwaka 1952 kwa lengo la kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri za awali za Kiunguja na Kimvita. Ya pili ni Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitolewa mwaka 1977 na Biblia yake nzima katika miaka ya 1990, kwa Kiswahili kilichokusudiwa kuwa chepesi zaidi.

Hoja itakayotetewa ni hii. Kiswahili cha Union Version kimetenganisha mambo ambayo Kiyunani cha Agano Jipya kiliyaacha katika mzizi mmoja, na utengano huo una thamani kubwa, kwa sababu unampambanua mtu aliyeshushwa na wengine na mtu aliyejishusha mwenyewe. Bila ya upambanuzi huo, unyenyekevu wa Kikristo hugeuka kwa urahisi kuwa jina zuri la unyonge, na mahubiri juu yake huwa silaha mikononi mwa wenye nguvu.

Mzizi mmoja, maneno manne

Katika Kiyunani, fadhila hii hutajwa kwa maneno yatokanayo na kivumishi tapeinos. Kwa waandishi wengi wa Kiyunani waliotangulia Ukristo, tapeinos halikuwa neno la sifa. Lilimaanisha kitu kilicho chini, duni, kisicho na heshima, na mtu aliyeitwa hivyo alikuwa amedharauliwa. Waandishi wa Agano Jipya, wakifuata mapokeo ya Kiebrania ambamo maskini na mnyonge wana mahali maalumu mbele ya Mungu, walilichukua neno hilo la dharau na kulifanya jina la fadhila. Hata hivyo neno halikupoteza maana yake ya zamani. Katika Agano Jipya lenyewe, mzizi huo mmoja hutumika kwa hali ya mtu duni na kwa tabia ya mtu mwema.

Mfasiri wa Kiswahili hakuweza kuuachia utata huo, maana lugha yake haikuwa na neno moja lenye kubeba maana zote mbili. Yafaa mifano michache itazamwe. Katika wimbo wa Mariamu katika Injili ya Luka, sura ya 1, Mariamu anapoitaja hali yake ambayo Mungu ameiangalia, Union Version hutumia unyonge. Beti chache baadaye, wale wanaoinuliwa wakati wakuu wanapoondolewa katika viti vyao huitwa wanyonge. Katika mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, Luka sura ya 18, kitenzi kinachotumika ni kujidhili. Katika waraka wa Paulo kwa Wafilipi, sura ya 2, tendo la Kristo huelezwa kwa kitenzi kujinyenyekeza. Katika Mathayo sura ya 11, Yesu anapoieleza tabia yake mwenyewe, hujiita mnyenyekevu. Mifano yote hii hutoka katika mzizi mmoja wa Kiyunani.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote ni ule wa nyaraka mbili fupi. Yakobo katika sura ya 4 na Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, wote wawili wanatoa amri kwa waumini, na katika Kiyunani amri hiyo ni neno lile lile, katika umbo lile lile. Union Version imemfanya Yakobo aamrishe kujidhili na Petro aamrishe kunyenyekea. Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni jambo la wafasiri tofauti kutoafikiana, au ni kupenda kubadilisha maneno tu. Lakini muktadha wa kila waraka unaonyesha kwamba maneno hayo mawili yanakaa mahali pake. Yakobo anawakemea watu wenye kiburi, wapendao dunia, na anawataka waomboleze na kulia. Neno kali la kujidhili lawafaa. Petro anawaandikia watu wanaoteswa, ambao tayari wamedhiliwa na wengine; kuwaambia wajidhili kungekuwa kuongeza jeraha juu ya jeraha. Anawataka wanyenyekee, yaani waiweke hali yao chini ya mkono wa Mungu, wasiiache chini ya mikono ya watesi wao.

Umbo la maneno yenyewe

Kabla ya kuendelea, hapana budi maumbo ya maneno haya yachunguzwe, kwa maana sehemu kubwa ya maana yake imo katika sarufi.

Unyonge hutaja hali. Mtu mnyonge hakufanya tendo lolote ili awe mnyonge. Amejikuta hivyo kwa sababu ya ufukwe, ugonjwa, uyatima au kukosa mtetezi. Hakuna mwalimu anayeweza kumwamrisha mwanafunzi wake awe na unyonge, kwa kuwa unyonge haufanywi kwa hiari. Ndiyo sababu wimbo wa Mariamu haumsifu Mungu kwa kuwa aliwataka watu wawe wanyonge. Unamsifu kwa kuwa aliuona unyonge uliokuwapo, akauondoa.

Kudhili ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndugu zake ni dhalili na idhilali. Ni kitenzi kikali chenye kuhitaji mtendwa: mtu humdhili mwenziwe. Katika matumizi ya kawaida ni tendo baya, na anayelitenda ni dhalimu au mwenye kiburi. Biblia ya Kiswahili imelifanya jambo la ajabu kidogo kwa kitenzi hiki. Imekipa kiambishi -ji-, na kwa hivyo mtendaji na mtendwa wakawa mtu mmoja. Tendo ambalo lingekuwa dhuluma likielekezwa kwa jirani, huwa toba likielekezwa kwa nafsi.

Kunyenyekea ni kitenzi cha Kibantu, na umbo lake lafanana na lile la kauli ya kutendea. Mtu hanyenyekei ovyo; humnyenyekea fulani. Tangu mwanzo kitenzi chauliza: mbele ya nani? Kutokana nacho hupatikana mnyenyekevu na unyenyekevu, kwa kiishio kile kile kinachotupa msikivu kutoka sikia, mvumilivu kutoka vumilia, mtulivu kutoka tulia na mpotevu kutoka potea. Kiishio hiki huonyesha sifa iliyokaa ndani ya mtu hata ikawa tabia yake. Mtu anaweza kuinama mara moja kwa hofu, lakini haitwi mnyenyekevu kwa kuinama huko. Unyenyekevu, kwa mujibu wa umbo la neno, ni mazoea ya moyo.

Kitenzi hiki pia kina kauli ya kutendesha: kunyenyekeza. Hapa ndipo penye njia panda. Kumnyenyekeza mtu ni kumfanya ainame, apende asipende. Kujinyenyekeza ni kuinama kwa hiari. Tofauti kati ya matendo hayo mawili imebebwa na silabi moja tu. Kiyunani cha waraka kwa Wafilipi kina kiwakilishi cha nafsi kinachosimama peke yake kando ya kitenzi. Katika Kiswahili kiwakilishi hicho kimeingia ndani ya kitenzi kikawa kiungo chake. Ukikiondoa, hulibakizi neno lile lile likiwa na upungufu kidogo, bali hupata tendo jingine kabisa, na pengine tendo lililo kinyume.

Katika aya ya Luka sura ya 18, sarufi hii inafanya kazi kubwa. Mwenye kujikweza na mwenye kujidhili wote wana -ji-. Malipo yao yote mawili yako katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Kwa desturi ya lugha ya Biblia, mtendaji asiyetajwa mahali kama hapo ni Mungu. Maana yake ni kwamba kazi ya kumshusha mwenye kiburi haikukabidhiwa kwa mwanadamu. Mwanadamu amepewa nafsi yake tu kuwa kitu cha kushushwa. Farisayo katika mfano huo alikosea kwa kujikweza, na akakosea pia kwa kumshusha mtoza ushuru aliyesimama mbali.

Suala la mtumwa

Neno lililoleta mabishano mengi kati ya wafasiri ni mtumwa. Paulo katika salamu za waraka kwa Warumi hujiita doulos wa Kristo, neno ambalo katika dola la Kirumi lilimaanisha mtu aliyemilikiwa na mwingine. Union Version imesema mtumwa. Habari Njema imesema mtumishi. Vivyo hivyo Kristo katika Wafilipi sura ya 2: katika tafsiri ya kwanza anatwaa namna ya mtumwa, na katika ya pili hali ya mtumishi. Mariamu, ambaye Union Version yamwita mjakazi anapomjibu malaika, katika Habari Njema ni mtumishi pia.

Sababu ya mabadiliko haya si ngumu kuielewa, na haifai kudharauliwa. Mwambao wa Afrika ya Mashariki unaujua utumwa kwa habari zisizo za mbali. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana ukaanza mahali pale pale. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Makutano ya mwanzo ya Wakristo waliosikia Maandiko kwa Kiswahili yalikuwa na watu wengi waliokuwa wametoka katika utumwa huo. Bagamoyo, ambako Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868, na Frere Town karibu na kisiwa cha Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875, vilikuwa makao ya watu waliokombolewa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba sasa ni mtumwa wa Bwana mwingine ni jambo zito, hasa ikikumbukwa kwamba bwana lilikuwa ndilo jina la mmiliki wake wa zamani, na kwamba hata katika makao hayo mapya aliishi chini ya usimamizi wa wageni.

Pamoja na hayo, yafaa iulizwe ni nini kinachopotea mtumwa anapogeuzwa mtumishi. Vitu vitatu vinapotea.

Kwanza, ngazi ya maana inapotea. Katika Mathayo sura ya 20, Yesu anawafundisha wanafunzi wanaogombea ukubwa. Union Version ina maneno mawili tofauti, kama Kiyunani kilivyo na mawili: anayetaka kuwa mkubwa ataagizwa kuwa mtumishi, na anayetaka kuwa wa kwanza ataagizwa kuwa mtumwa. Kadiri cheo kinachotamaniwa kinavyopanda, ndivyo mahali pa kushukia panavyozidi kuwa chini. Mahali popote ambapo maneno yote mawili yanafasiriwa kwa mtumishi, ngazi hiyo hubomoka ikabaki sakafu moja.

Pili, uhusiano na utumwa halisi unapotea. Paulo anapowaandikia Wagalatia, sura ya 3, kwamba katika Kristo hapana tofauti ya mtumwa na mtu huru, tafsiri zote mbili husema mtumwa, maana hapo jambo lenyewe ni la kijamii. Lakini katika Habari Njema, Paulo mwenyewe ni mtumishi. Msomaji haoni tena kwamba anayeitangaza tofauti hiyo kuwa imekwisha ni mtu aliyelichukua jina la walio chini kabisa akalifanya lake. Kadhalika katika Yohana sura ya 15, Yesu anapowaambia wanafunzi kwamba hatawaita tena kwa jina lile, na badala yake atawaita rafiki. Kutoka mtumwa kufika rafiki ni mwendo mkubwa. Ni habari ya ukombozi. Kutoka mtumishi kufika rafiki ni kupandishwa cheo tu, maana mtumishi anaweza kuwa rafiki wa mwajiri wake bila ya ulimwengu kubadilika.

Tatu, inapotea hazina ambayo ni ya Kiswahili peke yake. Mtumwa, mtumishi na mtume yote yametoka katika kitenzi kimoja, tuma. Mtumishi ni yule anayetumika, kama mpishi alivyotokana na pika na mwandishi alivyotokana na andika. Mtumwa ni aliyetumwa, katika kauli ya kutendwa iliyo wazi. Mtume naye ni aliyetumwa, kwa kiishio cha zamani tunachokiona katika mteule, yaani aliyeteuliwa, na kiumbe, yaani kilichoumbwa. Basi Paulo anapojiita katika sentensi moja mtumwa wa Kristo na mtume, Kiswahili kinasema jambo ambalo Kiyunani hakiwezi kulisema, kwa sababu maneno yake mawili hayana udugu wowote. Kiswahili kinasema kwamba aliye chini kabisa na aliyepewa mamlaka ya kunena ni watu wawili waliotokana na tendo moja la kutumwa. Mamlaka ya mtume ni utumwa wake ukitazamwa kutoka upande wa pili. Wafasiri wa Union Version huenda hawakulikusudia jambo hili, lakini lugha ililikusudia kwa niaba yao, na mhakiki hana ruhusa ya kulipuuza.

Hapa huenda ikatolewa hoja kwamba maneno ya unyonge husafika kwa wakati. Shikamoo hutolewa mfano: husemwa kwamba asili yake ni kushika miguu ya mkubwa, lakini leo mtoto humwamkia mzee bila ya mmoja wao kuona utumwa ndani yake. Hoja ni ya kweli, lakini haimfai mtetezi wa mtumishi wala haimdhuru mtetezi wa mtumwa. Shikamoo imesafika kwa sababu maana yake ya asili imesahauliwa. Mtumwa haijasahauliwa. Nguvu ya neno hili katika Maandiko inategemea kumbukumbu yake kuwa hai, kwa kuwa linapotajwa humwambia msikilizaji kwamba Mungu mwenyewe ameshuka hata mahali pale ambapo yeye msikilizaji, au babu yake, aliwekwa kwa nguvu.

Mariamu na jina la mjakazi

Jina la mjakazi linastahili kutazamwa peke yake. Katika neno hili -kazi haina uhusiano na kazi ya mikono. Ni kiishio cha jinsi ya kike kinachojulikana katika lugha nyingi za Kibantu. Sehemu ya kwanza ni mja, neno ambalo katika ushairi wa mwambao limekuwa na maana mbili tangu zamani: mtumwa wa mtu, na mwanadamu mbele ya Muumba wake. Washairi Waislamu walilitumia kwa maana ya pili kabla ya mmisionari yeyote kufika, na msamiati wa unyenyekevu ambao Wakristo wa Kiswahili waliurithi una deni kubwa kwa mapokeo hayo. Sujudu, tubu na Mola ni baadhi ya maneno ya deni hilo.

Katika jamii iliyokuwa na watumwa, mjakazi alikuwa mtu asiyekuwa na usemi hata juu ya mwili wake. Mariamu anapojiita hivyo, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kushtuka. Lakini Luka amemweka peke yake katika tukio hilo. Baba yake hayupo, mchumba wake hayupo, wala mkuu yeyote wa dini. Anaulizwa yeye, naye anajibu mwenyewe. Kwa kujiita mjakazi wa Bwana, anatamka kwamba mwenye haki juu yake ni mmoja tu. Baada ya hapo ndipo anapoimba juu ya wakuu kuondolewa vitini. Uhusiano wa mambo haya mawili si wa bahati. Aliyekwisha kumnyenyekea Mungu amepata mahali pa kusimama ili awatazame wakuu bila ya kuwanyenyekea kupita kiasi. Neno mtumishi haliwezi kuubeba mvutano huu, maana mtumishi hana mwenye kummiliki, na kwa hiyo hana pia ukombozi wa kuupata kwa kumilikiwa na Mungu peke yake.

Unyenyekevu unaohubiriwa na mkubwa

Fasihi ya Kenya imeyatoa mashtaka makali dhidi ya fadhila hii, na mhakiki hawezi kuyapita. Mfano ulio wazi ni tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyochezwa kwa Kigĩkũyũ huko Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Ndani yake, tajiri Kĩoi, Mkristo mashuhuri, anamshawishi mfanyakazi wake Kĩgũũnda afunge ndoa ya kanisani. Kĩgũũnda anaiweka rehani ekari yake moja na nusu ili apate fedha za arusi, na mwishowe anaipoteza. Maneno ya imani yametumika kama ufunguo wa kuingilia shamba la maskini.

Tamthilia hii mara nyingi husomwa kuwa ni shambulio juu ya Ukristo wote. Usomaji huo una misingi yake, lakini maneno yaliyochunguzwa hapo juu yanatoa njia ya kuliona jambo kwa makini zaidi. Kĩoi hajinyenyekezi, anamnyenyekeza Kĩgũũnda. Kiambishi -ji- kimeng'olewa katika kitenzi, na kilichobaki ni tendo la kumdhili mtu lililovikwa mavazi ya ibada. Nabii Mika, katika sura ya 6, anaponena juu ya mambo ambayo Mungu anayataka, huuweka unyenyekevu mahali pa tatu, baada ya haki na rehema. Mpangilio huo ni hukumu juu ya Kĩoi. Kwa hiyo tamthilia na Maandiko havipingani hapa kama inavyodhaniwa. Vyote viwili vinamshtaki mtu mmoja kwa kosa moja. Tofauti iliyopo ni kwamba tamthilia haioni sababu ya kulibakiza neno lililokwisha kuharibiwa kiasi hicho, ilhali mhakiki wa lugha aweza kudai kwamba neno lililoibwa hurudishwa kwa mwenyewe, halitupwi.

Methali na hatari ya unyenyekevu wa faida

Ipo hatari nyingine iliyo ndani ya utamaduni wa Kiswahili wenyewe. Methali yasema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huku ni hekima, lakini ni hekima ya kupata kitu. Anayeinama ana shabaha, na akishakipata atasimama wima tena. Ahadi ya Luka sura ya 18, kwamba mwenye kujidhili atakwezwa, yaweza kusomwa kama tafsiri nyingine ya methali hiyo: jishushe leo ili upandishwe kesho. Mahubiri mengi huisoma hivyo, na wasikilizaji hufundishwa kujidhili kwa hesabu.

Mfano wenyewe unaukataa usomaji huo. Mtoza ushuru hasemi neno lolote juu ya kukwezwa. Hana anachokitafuta mvunguni isipokuwa rehema, na rehema haichukuliwi kwa mkono wa anayeinama, hutolewa. Kauli ya kutendwa katika atakwezwa hulinda maana hii. Lau ingekuwa atajikweza, ingekuwa methali. Kwa kuwa ni atakwezwa, ni imani. Habari Njema, ingawa imetumia kujishusha badala ya kujidhili, imeuhifadhi muundo huu wa kauli, na yastahili kusifiwa kwa hilo. Kosa la kujishusha ni kwamba ni neno jepesi mno: mtu hujishusha hata katika mazungumzo ya adabu, bila ya kuumia mahali popote. Kujidhili kunauma, na Yakobo alikusudia kiume.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba maneno manne ya Union Version si visawe vilivyotumiwa kwa kubahatisha. Unyonge ni hali ambayo Mungu huiona na kuiondoa. Kujidhili ni tendo kali la mwenye kiburi anayetubu. Unyenyekevu ni tabia iliyokaa, yenye kuelekezwa kwa Mungu. Utumwa ni kipimo cha kina ambacho Kristo alikifikia kwanza kabla ya kumwita mwingine akifikie. Anayemhubiria mnyonge ajidhili amechanganya neno la kwanza na la pili. Anayemwita mnyenyekevu mtu aliyedhiliwa na wengine amechanganya tabia na dhuluma. Anayemgeuza mtumwa kuwa mtumishi amekipunguza kipimo.

Wafasiri wajao watakuwa na sababu njema za kutaka Kiswahili chepesi, na haifai wazuiwe. Lakini wepesi wa lugha usinunuliwe kwa kuyafuta mapambanuzi ambayo lugha yenyewe imeyatoa bila ya kuombwa. Katika vyuo vyetu, mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kiambishi -ji- katika somo la sarufi kwa mifano ya kujiona, kujipenda na kujikata. Ingemfaa aonyeshwe pia kwamba juu ya kiambishi hicho kidogo umesimama mpaka kati ya ibada na uonevu, na kwamba watu waliosikia Maandiko kwa lugha hii, wakiwa bado na alama za minyororo, walikuwa na sababu ya kuusikiliza mpaka huo kwa makini kuliko wasomi.